Mlango wa Themanini na Nane

Kama palikuwa na mtu aliyejua hatima za watoto wa mji ule kabla ya wazazi wao kuzijua, basi ni mwanamke mmoja mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, aliyefungua duka la fotokopi mkabala na lango la sekondari. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Mama Mizani, na hata mkuu wa shule alipomtumia kijikaratasi cha kuomba rimu mbili za karatasi, aliandika hivyo hivyo, Mama Mizani, kwa mwandiko wake wa kiheshima.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja. Kaunta ya mbao ilikuwa imelainishwa na viwiko vya wanafunzi mpaka inang'aa. Mashine za kopi zilikuwa mbili. Ile kubwa iliitwa Bibi, kwa sababu ilikohoa kabla ya kufanya kazi na ilitaka kubembelezwa. Kwenye kona kulikuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na chini ya kaunta, ndani ya mfuko wa nailoni, lilikaa daftari jeusi. Hilo daftari ndilo lililompa mama huyu jina lake, na ndilo lililompa kiburi pia, ingawa yeye angesema si kiburi, ni taarifa.

Mambo yalikuwa hivi. Kulikuwa na chuo kikuu kimoja cha uhandisi ambacho kila mzazi mwenye mtoto anayejua hesabu alikiota. Waombaji elfu tisa kwa mwaka, nafasi mia mbili na arobaini. Kilipokea waliomaliza sekondari mwaka huo huo tu, kwa hiyo ukikosa umekosa, hakuna cha mwakani. Tena kila mwanafunzi aliruhusiwa kuomba chuo kimoja peke yake, kiwe hicho au kingine. Ukijirusha kwa wahandisi wakakukataa, unakaa nyumbani mwaka mzima ukihesabu mabati. Na chuo chenyewe kilikuwa na maringo yake: hakikuwahi kutangaza alama ya chini kabisa kinayoipokea. Kilisema tu, "Tunapokea wanaofaa."

Mama Mizani hakupenda majibu ya namna hiyo. Alikuwa karani wa shule miaka kumi na tisa kabla ya kufungua duka, na karani hupenda kitu kilichoandikwa. Basi mwaka wake wa kwanza dukani, waliopokea barua za chuo kile walipokuja kutoa kopi, aliwauliza kila mmoja, "Wastani wako ulikuwa ngapi?" Walikuja sita. Wa chini kabisa alikuwa na themanini na nane. Akaandika. Mwaka wa pili, wanafunzi walipokuja kumuuliza kama wana bahati, aliwaonyesha daftari: mwenye themanini na nane kwenda juu ajaze, wa chini yake atafute chuo kingine. Mwaka huo wakaingia wanane, wote juu ya themanini na nane. Wa tatu vilevile. Miaka kumi na tano ikapita, na daftari halikupata hata jina moja lililo chini ya mstari ule.

Ukimwendea, alivaa miwani, akachukua karatasi yako ya matokeo, akaweka rula chini ya wastani kana kwamba tarakimu zingeweza kutoroka. Akisema "Jaza," ulitoka dukani unaruka. Lakini aliweza pia kuvua miwani. Akiivua, ulijua.

"Mwanangu," husema kwa sauti laini, maana hakuwa mkatili, "usijaze. Nafasi unayo moja, usiitupe jalalani." Halafu hukupa bahasha ya bure.

Walimu waliacha kujisumbua. Mtoto akiwauliza, walimwambia, "Vuka barabara ukapimwe." Mkuu wa shule aliwahi kusema mbele ya wazazi kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa habari za chuo cha uhandisi mkuu ni yule mama wa pale ng'ambo. Wazazi walipiga makofi. Yeye aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini jioni ile alilifuta vumbi daftari lake mara mbili.

Sasa, mama huyu alikuwa na binti wa mwisho, aliyeitwa Kitinda kwa sababu alikuwa kitinda mimba. Huyu binti alikuwa na mikono ya ufundi. Alipokuwa na miaka kumi na moja, Bibi aligoma katikati ya msimu wa mitihani, na fundi akasema hadi Jumatatu. Mtoto akaifungua ile mashine kwa kisu cha mezani, akaweka springi ya kalamu mahali pa iliyovunjika, na Bibi akakohoa, akaendelea. Springi ile ilikuwa bado humo. Tangu hapo Kitinda hakuwa na habari nyingine ila chuo cha uhandisi.

Matokeo yalipotoka alikuwa na themanini na nne.

Mama yake hakutaka kusemwa kwamba ana mizani mbili, moja ya watoto wa watu na moja ya wake. Alimsimamisha ng'ambo ya kaunta kama mteja. Akaweka rula. Akavua miwani.

"Mama, nijaribu tu," alisema Kitinda.

"Kujaribu ni kwa asiye na taarifa. Wewe taarifa unazo, umekua nazo. Sikupendelei."

"Nne tu zimepungua."

"Hata ingekuwa moja, mwanangu. Mlango ni mlango."

Wakakubaliana, yaani mama aliamua na binti akanyamaza, kwamba ataomba chuo cha utunzaji wa kumbukumbu. Kazi ya staha, ya kivulini, ya mafaili. Binti aliomba fomu isithibitishwe mpaka Ijumaa, siku ya mwisho, saa kumi jioni. Hakusema kwa nini. Lakini Mama Mizani hakuwa mtu wa dakika za mwisho. Jumanne asubuhi, Kitinda alipokwenda kuleta wino, mama aliketi kwenye kompyuta akabonyeza "Thibitisha."

"Nimekumalizia," alimwambia aliporudi.

Kitinda aliweka chupa ya wino mezani taratibu. "Haya, mama," alisema.

Ijumaa ikafika. Saa nane mchana, jua limechachamaa na barabara imetulia, aliingia dukani kijana mrefu mwenye kofia ya plastiki ya ujenzi na buti zenye saruji. Chini ya kwapa alibeba michoro mikubwa ya maabara mpya ya shule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Michoro hiyo Bibi haiwezi kwa mkupuo mmoja, tutaigawa vipande."

Akaifunua. Akamtazama yule kijana usoni, akamtazama tena. "Wewe si mtoto wa fundi saa? Mlikaa nyuma ya kinu cha kusaga."

"Ndiye, mama."

"Na sasa umekuwa msimamizi wa wajenzi!"

"Injinia," alisema kijana, kwa haya kidogo. "Nilisoma chuo cha uhandisi."

Mama Mizani alicheka kwa furaha. Akavuta daftari jeusi kutoka kwenye mfuko. "Basi umo humu! Ni mwaka gani ule? Miaka kumi na moja nyuma. Subiri nikutafute."

"Hutaniona, mama."

"Humu hakosekani mtu."

"Mimi ulinivulia miwani." Alisema hivyo akitabasamu, kama mtu anayesimulia kichapo cha utotoni. "Nilikuwa na themanini na moja. Nilikasirika, nikaenda kwa mjomba wangu, nikajaza huko huko. Barua ilipokuja, kopi nilitoa kwingine. Nilikuwa na hasira na wewe, unisamehe."

Mama Mizani hakuacha kutabasamu, ila tabasamu lilikuwa limebaki usoni bila mwenyewe. "Themanini na moja," alisema. "Uliponea kwenye tundu la sindano. Bahati hiyo hutokea."

"Sikuwa peke yangu. Siku ya kwanza walibandika orodha yetu ukutani, kwa wastani, toka wa juu hadi wa chini. Chini yangu kulikuwa na watu hamsini na kitu. Mama, wale hawatazami wastani sana. Wanatazama hesabu na fizikia, halafu wanakuita kwenye usaili, wanakuwekea kitu kibovu mezani. Pampu, feni, chochote. Wanakaa kimya wanaangalia unavyokifungua. Siku hizi hata mimi huitwa kwenda kusimamia."

"Hakuna aliyewahi kuniambia habari ya pampu."

"Uliwauliza?"

Hakuwauliza. Aliwauliza wastani. Lakini alikuwa bado na silaha yake, akaigonga kwa kidole. "Mwanangu, mimi nina miaka kumi na tano humu. Sijaona hata mmoja wa chini ya themanini na nane. Hata mmoja!"

Injinia aligeuza kurasa mbili tatu kwa heshima, akiogopa kuzichafua. "Humu kuna walioingia waliokuja kwako. Wale uliowaambia wasijaze, kuna yeyote kati yao aliyewahi kuingia?"

Mama Mizani alimcheka. Swali gani hilo, na mtu amesoma mpaka chuo! "Ataingiaje," alisema, "na hakujaza?"

Akasikia alichokisema.

Nje, mlinzi wa lango alikuwa anafagia, na ufagio ulisikika kila ulipokwaruza ardhi. Mama Mizani alishika ukingo wa kaunta. Alikuwa amesimama mlangoni miaka kumi na tano akiwarudisha watu, halafu akiandika kwamba waliorudishwa hawakuonekana ndani. Wale watoto. Kila mwaka walikuwa ishirini, mwaka mwingine thelathini. Alianza kuzidisha kichwani, kwa mazoea ya ukarani, akajizuia katikati, kwa sababu aliogopa jibu. Hakuwa na majina yao. Hakuyaandika. Nani angeandika majina ya wasioingia? Alimkumbuka msichana mmoja aliyekuwa na themanini na saba nukta tisa, aliyelia na kushukuru kwa pamoja, akaondoka na bahasha yake ya bure.

Akakalia rimu za karatasi.

"Mama, unaumwa? Nikuletee maji?"

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na robo."

"Kitinda," alisema.

Michoro aliiacha pale pale juu ya Bibi. Injinia, ambaye wajenzi walikuwa wanamngojea na zege lililokwisha kuchanganywa, alimsaidia kuvuta mlango wa chuma, na Mama Mizani akapanda pikipiki ya kwanza iliyopita, aproni ingali kiunoni, miwani ikimpiga kifuani.

Ofisi ya udahili wa vyuo ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya posta. Kulikuwa na foleni ya watu wa dakika za mwisho, wale aliokuwa akiwacheka kila mwaka. Sasa alisimama nyuma yao, akiomba Mungu kila mmoja awe na tatizo dogo. Ilipofika saa tisa na dakika tano akawa mbele ya dirisha la tatu. Karani alikuwa mwanamume mnene mwenye usingizi, anajipepea kwa bahasha.

"Nataka kubadilisha chuo cha binti yangu."

Karani aliandika namba, akatazama skrini. "Hii imethibitishwa, mama. Tangu Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Ikithibitishwa imeisha."

"Mwanangu, nakuomba."

"Si mimi, ni mfumo." Akajipepea. Halafu, kwa kuwa uso wa yule mama ulimtia wasiwasi, aliuliza, "Alibonyeza mwenyewe?"

Kuna maswali ambayo mtu hulipwa kwa kuyajibu, na mengine hulipia yeye. "Nilibonyeza mimi," alisema Mama Mizani. "Hakuwepo."

Karani aliacha kujipepea. "Hapo kuna njia. Kuna fomu ya kutengua. Lakini aje mwenyewe, aandike kwa mkono wake kwamba hakuridhia, asaini mbele yangu, ndipo nimfungulie achague upya. Kabla ya saa kumi, mama. Ikifika saa kumi inajifunga yenyewe, hata mimi sina ufunguo."

Alimpigia Kitinda simu mara nne ndipo akapokea. Alikuwa sokoni akinunua sanduku la bati la kwenda nalo bweni. "Njoo ofisi ya udahili, juu ya posta, sasa hivi, usiulize," alisema mama, akakata. Kisha akatembea kutoka dirishani hadi ngazini, ngazini hadi dirishani. Kila aliyepanda ngazi alikuwa mtoto wa mtu mwingine.

Kitinda alitokea saa tisa na dakika thelathini na tano, sanduku jipya begani, jasho likimtiririka. Alimwona mama yake akadondosha sanduku sakafuni kwa kishindo kilichomwamsha karani kabisa.

"Mama! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Keti. Chukua kalamu. Hapa andika kwamba hukuridhia nilivyothibitisha, weka sahihi, halafu unachagua uhandisi. Fanya upesi."

Binti aliitazama karatasi, akamtazama mama, akaitazama tena karatasi. Kwa kitambo kidogo uso wake ulifunguka wote, na Mama Mizani akaona mle ndani mtoto wa miaka kumi na moja mwenye kisu cha mezani. Halafu ukajifunga.

"Nina themanini na nne," alisema Kitinda.

"Nilikosea! Themanini na nane si kitu, niliitunga mwenyewe. Mtoto wa fundi saa aliingia na themanini na moja. Nimetoka kuzungumza naye dukani sasa hivi. Wanawapa pampu mbovu waifungue, Kitinda! Pampu!"

"Mama, punguza sauti. Watu wanatutazama."

"Waache watazame!"

Kitinda alimshika mkono, akaukalisha juu ya ubao wa dirisha. "Mmoja aliingia na themanini na moja," alisema polepole. "Wewe mwenyewe umewaambia watoto wangapi kwamba mmoja si hesabu? Kila mtu ana binamu yake aliyeingia kwa maajabu."

"Nyuma yake walikuwa hamsini."

"Hao hamsini uliwaona?"

Mama Mizani hakuwaona. Alikuwa na neno la mtu mmoja, na miaka kumi na tano yote hakumruhusu mtoto yeyote kuja kwake na neno la mtu mmoja. Huyu binti alikuwa amekulia chini ya kaunta ile ile, alijua kuhesabu kwa mizani ile ile, na sasa alikuwa anapima vizuri, bila kosa, kama alivyofundishwa.

"Nakuapia," alisema mama, na machozi yakaanza. "Nakuapia nilikuwa sijui kitu. Nilikuwa nakisia."

Hayo machozi ndiyo yaliyoharibu. Binti alikuwa hajawahi kumwona mama yake akilia kwa ajili ya alama. Alilainika, akamkumbatia kwa mkono mmoja, akamfuta shavu kwa kitambaa chake.

"Unanihurumia kwa sababu naondoka," alisema. "Shangazi aliniambia utafanya hivi. Mama, uliniambia ukweli wakati ule, na ukweli uliuma, lakini niliupokea. Usiuharibu sasa. Nikijaza hii wakanikataa, nitakaa nyumbani mwaka mzima, na wewe utajilaumu mpaka ufe. Tena hapa wanataka niseme sikuridhia. Niliridhia. Nilikwambia 'haya'."

"Dada, muda," alisema karani.

"Jaribu tu, mwanangu. Nakuomba, jaribu tu."

"Nisingeingia, mama. Wewe mwenyewe ulisema."

Aliisukuma karatasi taratibu hadi kwa karani, kalamu juu yake, akamshukuru kwa subira. Akainama, akaliweka sanduku begani, akamnyooshea mama mkono wa pili kumshusha ngazi. Mama Mizani hakusogea. Alikuwa anaitazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imebakiza dakika kumi na moja.